Je, wajua kwa nini kidole tumbo cha mtu mwembamba ni kigumu kuonekana kwenye CT, picha za eksirei zinazoonyesha mwili vipande vipande?

Maumivu ya kidole tumbo kwa kawaida huanzia kitovuni, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini upande wa kulia. Hamu ya kula hupotea, kutapika na homa hufuata. Tangu 1986 madaktari hutumia alama za Alvarado, zinazojumlisha dalili na chembe nyeupe za damu hadi 10. Mwenye 7 kwenda juu huenda akapasuliwa bila picha. Chini ya 4, ugonjwa huo si rahisi kuwa ndio. CT ni ya hao wa katikati. Na Nairobi hawa hawakosekani: mtu ameshameza antibiotiki za “taifodi” na dawa za maumivu kutoka kemisti, dalili zimefifia, tumbo halisemi kweli.

Mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa mimba kwanza, maana iliyotunga nje ya mji wa mimba huuma vivyo hivyo. Figo hupimwa kwa kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, kisha dawa yenye iodini ya kung'arisha picha hupitishwa kwenye mshipa. Joto husambaa mwilini, na wengine hudhani wamejikojolea, hawajajikojolea. Takriban sekunde 70 baadaye picha hupigwa.

Kipimo cha ugonjwa kinachotajwa sana ni kidole tumbo kuzidi upana wa milimita 6, lakini peke yake hudanganya: kisicho na ugonjwa, kikijaa hewa, kinaweza kuupita. Shahidi mzuri zaidi ni mafuta yanayokizunguka. Kwenye CT mafuta huwa meusi. Uvimbe ukiyafikia, michirizi ya kijivu hutanda kama moshi. Mwembamba hana mafuta ya kutosha, matumbo yake yamegusana, na ripoti hurudi ikisema “kidole tumbo hakikuonekana”. Hilo si sawa na “hana ugonjwa”. Hulazwa, tumbo hubonyezwa tena na damu kurudiwa baada ya saa 6 hadi 12.

CT ya tumbo hutoa mnururisho wa takriban milisiveti 7 hadi 10, sawa na miaka mitatu au minne ya mnururisho wa asili. Ndiyo maana watoto na wajawazito huanza na ultrasaundi.

Tumbo likishakuwa gumu kama ubao na presha inashuka, asiwekwe kwenye foleni ya CT: ni maji ya mshipani, antibiotiki, na chumba cha upasuaji.