Pampu ya kukamulia maziwa: maswali ya mama anayekaribia kujifungua

Kati ya vitu vyote vya kumwandalia mtoto, pampu ya maziwa ndiyo naona inanunuliwa kwa kubahatisha zaidi. Mama anaona boksi zuri, anaambiwa "hii ina nguvu", anabeba. Baada ya wiki tatu chuchu zina vidonda na pampu iko kabatini. Maswali haya ndiyo wajawazito wengi huuliza, na majibu nimeyaandika kama ambavyo ningemweleza dada yangu.

Mimba yangu ina miezi saba. Ni lazima ninunue pampu kabla sijajifungua?

Si lazima. Mama anayeshinda na mtoto wake usiku na mchana, na mtoto ananyonya vizuri, anaweza kumaliza ile miezi 6 ya maziwa ya mama pekee inayoshauriwa na Shirika la Afya Duniani bila kugusa pampu. Kabla hujatoa hela, jiulize: nitakuwa mbali na mtoto kwa saa ngapi kwa siku, na kuanzia lini?

Kama unarudi kazini mapema, unategemea mapacha, au umeambiwa kliniki kwamba huenda ukajifungua kabla ya wakati, una sababu ya kujipanga sasa. Wengine chagueni tu, mjue mtaipata wapi, halafu msubiri. Matiti na chuchu hubadilika baada ya kujifungua, na kipimo kinachokufaa leo huenda kisikufae mwezi ujao.

Lakini siku za kwanza maziwa yakichelewa, si nitaihitaji?

Siku mbili tatu za kwanza titi linatoa dang'a, yale maziwa mazito ya manjano. Hayawi mengi. Siku ya kwanza mtoto hupata mililita chache tu kila anaponyonya, na zinamtosha kwa sababu tumbo lake bado ni dogo mno. Ukitumia pampu wakati huu, dang'a inanata kwenye faneli (ile sehemu inayokaa kwenye titi) na kwenye vali (kile kipande kidogo kinachofungua na kufunga njia ya maziwa), unabaki unaliona tone kwa macho huku huwezi kulichukua.

Mkono unafanya kazi hii vizuri zaidi. Nawa mikono, kaa, inama mbele kidogo. Weka dole gumba juu ya titi na vidole viwili chini yake, kama sentimita 2 au 3 kutoka kwenye chuchu, mkono uwe na umbo la herufi C. Sukuma kwanza kurudi kifuani, kisha bana vidole vikielekeana bila kuteleza juu ya ngozi, halafu achia. Sukuma, bana, achia. Dakika ya kwanza unaweza usione kitu. Baadaye linajitokeza tone dogo la rangi ya dhahabu, linakaa pale kwenye chuchu, linafuatwa na lingine. Lipokee kwa kijiko au kikombe kidogo kilichochemshwa. Yakikatika, hamisha vidole kuzunguka titi, upande hadi upande. Ukisikia ngozi inachubuka, ujue vidole vinateleza.

Ningependa kila mjamzito afundishwe hili na mkunga kabla hajafikiria kifaa chochote. Umeme hukatika, betri huisha, vali hupasuka. Mkono unao popote ulipo.

Ziko za mkono, za umeme, za kuvaa ndani ya sidiria. Ipi bora?

Inategemea lile jibu la saa ngapi. Kama utakuwa unatoka mara moja moja, pampu ya mkono inatosha kabisa: ni nyepesi, haina kelele, ina vipande vichache vya kuosha, na wewe mwenyewe ndiye unayeamua ivute kwa kasi gani. Kasoro yake ni uchovu. Ukiminya mpini mara tatu nne kwa siku, siku tano kwa wiki, kifundo cha mkono kitauma.

Anayekaa kazini saa nane au zaidi atafaidika na ya umeme, tena ile ya matiti mawili kwa pamoja. Dakika 15 hadi 20 zinamaliza kazi ambayo kwa titi moja moja ingekula karibu mara mbili ya muda huo. Angalia kama inatumia betri ya kuchaji, kama vipuri vyake vinapatikana kirahisi, na kama unaweza kurekebisha kasi na mvuto kila kimoja kivyake.

Za kuvaa ndani ya sidiria zinavutia kwa sababu unakamua huku unaendelea na shughuli zako. Tatizo ni kwamba huoni chuchu imekaaje, na kwa akina mama wengi hazikamui titi vizuri kama pampu ya kawaida. Naiona kama pampu ya pili kuliko ya kwanza, hasa katika wiki zile ambazo mwili bado unajifunza utengeneze maziwa kiasi gani.

Kile kikombe laini cha silikoni unachokiminya kikajishika kwenye titi hakina mota. Mtoto anaponyonya upande mmoja, upande wa pili huvuja, nacho kinapokea. Kinasaidia, lakini hakichukui nafasi ya pampu.

Na kama mtoto amezaliwa njiti au amelazwa na hawezi kunyonya, hapo mambo ni tofauti. Mama anatakiwa kuanza kukamua mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache za mwanzo, na kuendelea mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Huyo aulizie wodini kama kuna pampu kubwa ya hospitali, iliyotengenezwa itumiwe na mama wengi, kila mmoja na mirija na faneli zake.

Muuzaji ananiuliza faneli ya kipimo gani. Nimwambie nini?

Hapa ndipo tulia. Faneli, yaani ile sehemu pana inayokaa kwenye titi na kuishia kwenye mfereji mwembamba, ina maana kuliko mota. Pampu nyingi zinakuja na ya milimita 24 au 28, ilhali akina mama wengi wanahitaji ndogo zaidi.

Chukua rula, pima upana wa chuchu yenyewe kwenye shina lake, bila kuhesabu ule weusi unaoizunguka. Kipimo hicho cha milimita ndicho cha kuanzia. Kwa kawaida mfereji hutakiwa uwe sawa nacho au uzidi kwa milimita chache. Pima matiti yote mawili, kwa sababu yanaweza kutofautiana.

Kisha acha macho yaamue. Pampu ikiwa inavuta, tazama ndani ya mfereji. Chuchu inatakiwa iende mbele na kurudi nyuma kwa ulaini, bila kusugua kuta. Ikiwa imebanwa pande zote, inageuka nyeupe au ya zambarau, na ukiitoa ina alama ya duara kwenye shina, faneli ni ndogo. Ikiwa sehemu kubwa ya ule weusi inavutwa kuingia kwenye mfereji na unahisi titi zima linanyofolewa, faneli ni kubwa. Kwa vyovyote vile maziwa yatatoka kidogo, na mama atadhani hana maziwa kumbe tatizo ni plastiki.

Kwa hiyo nunua aina ambayo faneli za vipimo vingine zinauzwa pembeni. Ukifikia uamuzi kati ya mota kubwa na hilo, chagua hilo.

Si pampu yenye nguvu zaidi ndiyo inayotoa maziwa mengi?

Hapana. Maziwa hayavutwi kama maji ya kisima. Chuchu ikichezewa, ubongo unatoa homoni ya oksitosini, na hiyo ndiyo inayominya vifuko vya maziwa ndani ya titi hadi yateremke. Maumivu na hofu huizuia. Mama anayekaza mvuto huku ameuma meno anajizibia maziwa mwenyewe.

Pampu ya kwanza kupewa hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) Marekani ilikuwa ya mwaka 1854, na mashine za mwanzo nyingi zilivuta tu. Miaka ya 1950 mhandisi wa Uswidi, Einar Egnell, alichunguza titi linavumilia mvuto kiasi gani bila kujeruhiwa, na kutokana na kazi hiyo zikaja pampu zinazovuta, kuachia na kupumzika kwa mfuatano. Pampu nzuri ya sasa inaanza na mvuto mwepesi wa harakaharaka, kama mtoto anayeanza kunyonya, halafu yakishateremka inahamia kwenye mvuto wa taratibu na wa kina. Pandisha hadi unapoanza kuhisi usumbufu, kisha rudisha hatua moja. Hapo ndipo kwako.

Rafiki yangu ameniachia yake. Niitumie?

Uliza kwanza kama ni ya mfumo uliofungwa, yaani ina kizuizi kati ya maziwa na mota. Isipokuwa nacho, maziwa au mvuke wake huingia hadi ndani, ukungu na bakteria vikakaa mahali ambapo hakuna brashi inayofika. Kubadilisha mirija hakutoshi. Hata ya mfumo uliofungwa, kama imetengenezwa kwa mtu mmoja, si ya kupokezana, na mota yake huenda imeshachoka. Pampu ya mkono inayofunguka yote ni nafuu kuliko ya umeme ya kuazima usiyoijua historia yake.

Naweza kuijaribu sasa hivi, nikiwa bado mjamzito?

Kwenye titi, hapana. Oksitosini ileile inayoteremsha maziwa ndiyo inayobana mfuko wa uzazi. Baadhi ya wajawazito, hasa wenye kisukari, hufundishwa kukamua dang'a kwa mkono kuanzia wiki ya 36 hivi, lakini ni kwa maelekezo ya mkunga au daktari wao. Wewe iwashe, ziba faneli kwa kiganja, usikie kama inavuta na kuachia. Jifunze kuifungua na kuifunga, ili usije ukasoma maelekezo saa nane za usiku huku mtoto analia.

Usafi wake ukoje?

Baada ya kila kukamua, fungua vipande vyote vilivyogusa maziwa, suuza, osha kwa maji ya moto na sabuni ndani ya beseni la kazi hiyo tu, usiviweke moja kwa moja kwenye sinki. Viache vikauke vyenyewe juu ya kitambaa safi. Usivifute kwa taulo la jikoni. Mtoto akiwa chini ya miezi 2, au alizaliwa njiti, vichemshe angalau mara moja kwa siku kwa dakika 5. Mrija wenye ukungu unatupwa.

Maziwa yenyewe hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji, na miezi 6 hivi kwenye friza. Yakishayeyuka usiyagandishe tena, na usiyapashe kwenye maikrowevu.

Nikikamua na kupata kidogo, ina maana sina maziwa?

Swali hili limewaliza akina mama wengi. Pampu haipimi maziwa yako. Mtoto anayenyonya vizuri huyatoa vizuri kuliko mashine. Kwa anayefanya kazi, kadirio ni kwamba mtoto wa mwezi 1 hadi 6 hunywa kama mililita 750 kwa siku nzima, kwa hiyo takriban 30 kwa kila saa utakayokuwa mbali. Huna haja ya kujaza friza; kukamua kupita mahitaji huufanya mwili utengeneze kupita kiasi, matiti yakajaa hadi kuvimba na kuuma.

Ukitaka kujua kama anashiba, mwangalie mtoto. Baada ya siku ya 5 anatakiwa alowanishe nepi 6 au zaidi kwa saa 24, na uzito wake upande kila unapompeleka kliniki. Nepi zikipungua au uzito ukisimama, nenda kliniki siku hiyohiyo, wamtazame anavyolishika titi.