Kuzimua hangova: wanavyosema watu na ukweli wenyewe

Nianze na kuzimua maana hili ndo linaniuma zaidi. Eti ukiamka kichwa kinagonga piga bia moja tu ya kutoa loki utakaa sawa. Nafuu utaipata kweli, lakini hangova inakolea pale pombe inapokaribia kuisha kwenye damu, sasa ukiongeza nyingine umeahirisha tu maumivu, jioni yanakukuta. Kaka yangu alikuwa asubuhi anashika glasi kwa mikono miwili maana mmoja unamwaga, akishusha mafunda matatu mikono inatulia, na sisi tunasema kazimua huyo. Kumbe mikono inayotetemeka mpaka ipate pombe sio hangova tena, mwili ushakuwa mtumwa wa pombe, na mtu wa hivyo apelekwe kwa daktari, asiache ghafla peke yake nyumbani, anaweza kupata degedege.

Kahawa nzito inakata pombe? Hapana jamani. Inafumbua macho tu, ini lina mwendo wake, kama gramu 10 hivi za pombe kwa saa, na kahawa au kuoga maji ya baridi haviliharakishi. Ndo maana mtu anakunywa mpaka saa 8 usiku, saa 12 asubuhi kaoga kashika usukani, bado kalewa na mwenyewe hajui.

Maji yanasaidia, ila nusu. Pombe inabana homoni inayoziambia figo zitunze maji ndo maana unakojoa sana, kwa hiyo kunywa maji au ORS kiu itaisha, lakini kichefuchefu na ule uchovu wa kulala vibaya vinabaki mpaka muda upite. Chakula cha mafuta asubuhi nacho hakinyonyi chochote, kula kabla ya kunywa ndo kunapunguza kasi ya pombe kuingia kwenye damu.

Paracetamol baada ya kunywa sana, na hasa kwa mnywaji wa kila siku, inaweza kuumiza ini, aspirini na ibuprofeni zinachubua tumbo ambalo tayari limechubuka. Mwaka 2005 jarida la tiba la BMJ lilitoa mapitio ya majaribio ya tiba za hangova, hawakupata ushahidi wa kuridhisha hata kwa moja.

Na mtu aliyezima, ukimwita na kumtikisa haamki, pumzi zinakuja kwa kusuasua, msimwache "alale pombe iishe". Mlazeni ubavu asipaliwe na matapishi, mkimbizeni hospitali.