Je, wajua kwa nini draiva ina mpini wa grafaiti na aironi zina mipini ya chuma?

Fungua mfuko wa mcheza gofu wa kulipwa. Draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo, ina mpini (bomba refu linalotoka mikononi hadi kichwani) laini na mwepesi wa grafaiti. Sasa chomoa aironi namba 7, fimbo fupi zaidi yenye kichwa bapa cha chuma, kutoka mfuko huo huo. Mara nyingi utakuta mpini wa chuma unaong'aa, wenye vidaraja vya duara kila baada ya sentimita chache, kama pingili za muwa. Mchezaji ni yule yule na mikono ni ile ile. Mbona basi anaikubali grafaiti kwenye fimbo moja na kuikataa kwenye nyingine?

Jibu linalozunguka viwanjani ni kwamba chuma ni cha vijana wenye nguvu, na grafaiti ni ya wazee na akina mama. Jibu hilo limewafanya watu wengi wacheze miaka na miaka na fimbo zisizowafaa. Bryson DeChambeau, mmoja wa wapigaji wenye nguvu kuliko wote, alishinda US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, ya mwaka 2020 kwenye uwanja wa Winged Foot akiwa na aironi zenye mipini ya grafaiti. Kama grafaiti ni ya wanyonge, yeye tumweke wapi? Mambo yanayoamua kweli ni matatu: msokoto, uzito na mtetemo. Tuanze na msokoto, maana ugomvi wote ulianzia hapo.

Itazame fimbo ya gofu kwa makini. Kichwa chake kimeota upande mmoja wa mpini, kama jembe. Kwa hiyo kila unapoipeperusha, na zaidi kinapogonga mpira nje kidogo ya katikati, kichwa hutaka kuuzungusha mpini. Zamani mipini ilichongwa kwa mti wa hikori, na hikori hujisokota sana. Mchezaji alilazimika kuizoea kila fimbo na tabia yake. Bomba la chuma lilipokuja, shida hiyo ilikaribia kwisha. USGA, chama kinachosimamia gofu Marekani, kiliruhusu mipini ya chuma mwaka 1924. R&A, walinzi wa sheria za gofu kule St Andrews, Scotland, walikubali mwaka 1929. Hikori haikufa mara moja: mwaka 1930 Mmarekani Bobby Jones alitwaa mataji yote manne makubwa ya wakati wake kwa mipini ya mti. Mwaka uliofuata Billy Burke akawa wa kwanza kushinda US Open kwa mipini ya chuma, na kuanzia hapo mti ukaanza kuondoka mifukoni.

Mnamo mwaka 1970 hivi mpini wa grafaiti ukaingia sokoni, kazi ya mhandisi Frank Thomas alipokuwa katika kampuni ya Shakespeare. Ulikuwa mwepesi ajabu, lakini ulirudi na kasoro ile ile ya hikori: ulijisokota. Mpira ulikwenda mbali, ila kuujua utaangukia wapi kulikuwa kama kubahatisha. Teknolojia imeshabadilika, lakini sifa ile mbaya imebaki midomoni mwa watu hadi leo.

Kuelewa ilivyobadilika, inabidi uone mpini wenyewe unavyotengenezwa. Grafaiti hii si ile ya penseli. Ni nyuzi nyembamba mno za kaboni zilizoshikanishwa kwa resini, gundi inayokauka na kuwa ngumu. Karatasi za nyuzi hizo hukatwa, kisha huviringishwa kwenye ufito wa chuma kama unavyoviringisha mkeka, tabaka juu ya tabaka. Hukazwa kwa utepe, huokwa kwenye tanuri, halafu ufito huchomolewa na linabaki bomba. Siri yote iko kwenye mwelekeo wa nyuzi. Zile zinazolala sambamba na urefu wa mpini huuzuia kupinda, na zile zilizolazwa mshazari, digrii 45, huuzuia kujisokota. Fundi akitaka mpini mgumu kupinda usioongezeka uzito, au mpini laini usiojisokota, anapanga tabaka zake hivyo. Chuma hakimpi uhuru huo. Ukitaka bomba la chuma liwe gumu zaidi unabadilisha unene au upana wake, na uzito nao unabadilika. Kwa hiyo anayesema leo kwamba grafaiti haina shabaha anaisema grafaiti ya miaka ya sabini.

Kama msokoto umetatuliwa, wachezaji wengi wa kulipwa wanang'ang'ania nini kwenye chuma? Uzito. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu karibu 8. Ya mchanganyiko wa kaboni na resini ina gramu 1.6 hivi. Ndiyo maana mpini wa chuma wa aironi huwa kati ya gramu 90 na 130, na wa grafaiti kwa kawaida kati ya 50 na 90, ingawa siku hizi ipo ya grafaiti inayopita 100.

Kazi ya draiva ni kuupeleka mpira mbali, na kila chembe ya kasi ina faida. Aironi ina kazi tofauti kabisa. Ukiwa mita 140 kutoka kwenye bendera, unataka mpira uende mita 140. Ukienda 150 umeruka grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, na hizo mita kumi zimekugharimu. Mpini mzito humtuliza mtu mwenye haraka: fimbo ikifika juu anaihisi ilipo, na mikono haiwahi kuliko mwili. Mpini mwepesi mikononi mwa mtu huyo huyo unaweza kutoka njiani kabla hajajua. Lakini mpe mtu mwenye swingi, yaani mpeperusho wa fimbo, ya taratibu mpini wa gramu 130, na ukifika shimo la 14 utaona mabega yameshachoka na mipira inaanza kuangukia kabla ya grini. Kwangu mimi hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Watu hubishana kuhusu chuma na grafaiti, kumbe wanachochagua ni gramu.

Usitegemee muujiza wa umbali, lakini. Kichwa cha aironi namba 7 kina gramu 270 hivi, na hicho hakipungui. Uzito unaoupunguza umetandazwa mpini mzima, na sehemu yake kubwa iko mbali na kichwa, mahali ambapo fimbo haiendi kasi kama kichwa chenyewe. Ukiondoa gramu 40 hapo, kasi ya kichwa itaongezeka kidogo tu.

Mtetemo ndio jambo ninalolijali kuliko yote, kwa sababu unagusa mwili. Chukua aironi namba 4 yenye mpini wa chuma asubuhi ya baridi, kisha upige mpira kwa ukingo wa chini wa kichwa. Utasikia ganzi yenye miiba ikipanda kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Kichwa na mpira hugusana kwa karibu nusu ya elfu moja ya sekunde, kwa hiyo mkono unapohisi chochote mpira umeshaondoka. Hisia ile haibadilishi pigo. Ni taarifa ya pigo lililopita. Chuma huileta taarifa hiyo ikiwa kali. Resini iliyo ndani ya grafaiti humeza sehemu kubwa ya mtetemo njiani. Wapo wanaoipenda taarifa kali, wanasema inawafundisha walipokosea, na hawakosei. Lakini mtu mwenye kano za kiwiko zilizoumia, au viungo vya vidole vyenye baridi yabisi, analipia taarifa hiyo kwa maumivu, hasa akifanyia mazoezi kwenye mikeka migumu ambako kila pigo humrudia. Kwa mtu huyo sisiti hata kidogo: achukue grafaiti, na umri wake usiulizwe. Mpini hautibu kiwiko, hilo ni kazi ya daktari, ila unaweza kuacha kukitonesha.

Kuna mitego miwili ya dukani. Wa kwanza ni herufi za ugumu wa mpini, R (wa kawaida), S (mgumu) na nyinginezo. Hakuna kipimo kimoja kinachozifunga kampuni zote, kwa hiyo S ya hapa inaweza kulingana na R ya pale. Uliza gramu kwanza, herufi baadaye. Wa pili huwanasa wanaobadilisha mipini ya fimbo walizo nazo. Ukitoa mpini mzito wa chuma na kutia mwepesi wa grafaiti, mizani ya fimbo nzima huhama, na kichwa kinaweza kupotea mkononi, usijue kiko wapi. Ndiyo maana aironi nyingi za grafaiti hutengenezwa ndefu kidogo kuliko za chuma, na ndiyo maana fundi mzuri huongeza urefu au uzito kichwani kabla ya kukukabidhi.

Kuhusu kudumu, chuma hushika kutu ngozi yake ikichubuka, na hupinda. Grafaiti haina kutu, ila ikipata ufa huvunjika ghafla. Bei ya grafaiti kwa kawaida iko juu.

Ukitaka kujua ipi ni yako, usijaribu ukiwa mbichi. Cheza au fanya mazoezi kwanza, hadi uchoke kiasi. Kisha chukua aironi namba 7 mbili, moja ya chuma na moja ya grafaiti, zenye vichwa vya aina moja. Piga mipira 15 kwa kila moja, ukibadilishana kila baada ya mitano. Litupe pigo lako refu kuliko yote kwa kila fimbo, maana ndilo linalodanganya. Tembea hadi ilipoangukia mingine, ukahesabu hatua kutoka mpira wa nyuma kabisa hadi wa mbele kabisa. Fimbo yenye hatua chache ndiyo yako. Zikilingana, subiri hadi kesho asubuhi, ukunje na kunyoosha kiwiko ukisikilize kinasema nini.