Subira Peke Yake Haihakikishi Mwisho Mwema
Jijini Kampala, kama kwingineko Afrika Mashariki, aliyefiwa au kufilisika huambiwa kwamba baada ya dhiki ni faraja. Maneno hayo hutuliza moyo, na si haki kumnyima mtu kitulizo chake. Kosa huanza yanapogeuzwa kuwa kanuni, kana kwamba kila mvumilivu atalipwa mema kabla hajafa.

Mwanasaikolojia Melvin Lerner alichunguza imani ya namna hii katika miaka ya 1960. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1966, watazamaji walionyeshwa mwanamke aliyejifanya anapigwa shoti za umeme; walioamini kwamba mateso yake yangeendelea, nao hawana uwezo wa kuyakomesha, walielekea kumdharau yeye mwenyewe. Hapa ndipo penye madhara makubwa, kwa maana anayeamini kwamba wema hulipwa daima, akikutana na bibi kizee asiye na kitu, huishia kumtafutia kosa.

Ukweli ni kwamba mchuuzi mwadilifu wa soko la Owino, Kampala, anaweza kuzeeka mikono mitupu. Mwajiriwa aliyesajiliwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa Uganda hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10. Mchuuzi, ambaye hana mwajiri, hana budi kujichangia kwa hiari kutoka kwenye faida yake ndogo. Ruzuku ya serikali kwa wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, hutolewa kwa wakongwe tu, na wengi hawafiki umri huo.