Ruzuku Hulipwa Nyuma: Kwa Viongozi wa Vikundi vya Wakimbizi Marekani

Barua ya kukubaliwa ruzuku ikifika, vigelegele hupigwa kwanza, kisha kikao kinaitwa, na swali la kwanza kwenye kikao huwa moja: fedha zinaingia lini? Nimekaa miaka mingi upande wa wafadhili nikipitia maombi na taarifa za vikundi vya Wakongo, Warundi na Wasomali, na naamini jibu la swali hilo limevunja vikundi vingi kuliko maombi kukataliwa. Jibu lenyewe, mara nyingi, ni kwamba hakuna senti itakayoingia mpaka mtumie kwanza za kwenu.

Tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea masurufu: unapewa fedha, unafanya kazi, unarudi na risiti. Mikataba mingi ya ruzuku za serikali huku inakwenda kinyume. Unamlipa mkalimani, unajaza mafuta kwenye gari linalopeleka wazazi kliniki, unalipia ukumbi wa darasa la Kiingereza. Mwisho wa mwezi unaandika dai na kuambatisha vielelezo, afisa anakagua, ndipo unarejeshewa. Risiti moja ikiwa na kasoro, dai zima laweza kurudishwa.

Kanuni za serikali kuu zinaruhusu malipo ya awali kwa shirika lenye mfumo wa fedha unaoaminika. Lakini kikundi kidogo mara nyingi hakipokei moja kwa moja kutoka Washington. Fedha hupitia jimboni, kaunti au shirika kubwa, na kila mkono zinapopita huongeza masharti yake.

Tupige hesabu. Ruzuku ya dola 36,000 kwa mwaka ni dola 3,000 kwa mwezi. Dai la Januari likilipwa baada ya siku 60, mtakuwa mmeshatumia na za Februari na Machi: dola 9,000 ziko nje kabla hamjaona malipo ya kwanza. Zitoke wapi? Nimeona zikitoka kwenye kadi ya mkopo ya mwenyekiti, na nimeona mama wa watu, aliyejitolea kwa moyo mweupe, akilipa riba ya deni la jumuiya nzima kutoka mshahara wake wa kiwandani. Tafadhalini, msimfikishe mtu hapo. Kabla ya kutia saini ulizeni: je, kuna malipo ya awali? Je, tunaweza kudai mara mbili kwa mwezi? Afisa hatawadharau kwa kuuliza. Na taasisi binafsi za ufadhili nyingi hutanguliza fedha, kwa hiyo ruzuku yao hata ikiwa ndogo yaweza kuwavusha wakati mkisubiri ya serikali.

Msidhani hili ni la wadogo tu. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha upokeaji wa wakimbizi, mashirika ya mapokezi yaliandikiwa kusimamisha kazi. Mwezi uliofuata Baraza la Maaskofu Katoliki la Marekani, ambalo nalo lilikuwa likipokea wakimbizi kwa fedha za serikali, lilikwenda mahakamani, likidai, pamoja na mengine, mamilioni ya dola ya kazi ambayo tayari ilikuwa imefanyika. Kama baraza zima la maaskofu lilikwama hivyo, kikundi chenye dola 800 benki kinahitaji kujihadhari mara kumi.

Ndiyo maana siwasukumi watu kukimbilia usajili wa 501(c)(3), ule wa msamaha wa kodi, kabla ya wakati. Mnaweza kuanza chini ya shirika mlezi, yaani shirika lililosajiliwa tayari ambalo hupokea ruzuku kwa niaba yenu, huwawekea hesabu na hukata asilimia fulani. Someni mkataba wake vizuri, hasa kipengele cha nani anamiliki fedha mkiachana. Mkiwa tayari kusimama wenyewe, kikundi kinachotarajia kuingiza si zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka kwa kawaida hutumia fomu fupi, 1023-EZ, na ada yake ni dola 275.

Usajili ukishapatikana, kuna tarehe ya kila mwaka ambayo husahaulika. Kikundi kidogo hupeleka 990-N, taarifa fupi kwa mamlaka ya kodi (IRS), kwa mtandao kila mwaka. Kama mwaka wenu wa hesabu unaishia Desemba, mwisho ni Mei 15. Ni dakika chache tu. Mkiiacha miaka mitatu mfululizo, msamaha unafutika wenyewe. Na mkitaka ruzuku ya serikali kuu moja kwa moja, jisajilini SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili wanaoomba fedha zake, na kuhuisha kila mwaka. Ni bure. Anayewatoza ni dalali.

Kwenye bajeti, naomba muache kuandika sifuri penye gharama za uendeshaji. Tangu Oktoba 1, 2024, shirika lisilo na kiwango chake cha gharama za uendeshaji kilichokubaliwa na serikali kuu linaweza kudai hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja za mradi zinazohesabika. Ikiwa hizo ni dola 40,000, ni dola 6,000 za mhasibu, bima na simu. Wengi huona haya, wakidhani kudai hivyo ni tamaa, kisha katibu anafanya kazi ya mhasibu usiku wa manane bila malipo.

Sasa risiti. Ile ya kituo cha mafuta huchapwa kwa joto, haina wino. Ikikaa ndani ya gari majira ya joto, Agosti unakuta karatasi nyeupe, na karatasi nyeupe hailipwi. Dereva aipige picha palepale penye pampu, aandike nyuma yake jina la mradi, idadi ya abiria na walikokwenda, kisha aitume kwa mweka hazina kabla hajawasha gari.