Kabla hujanunua jiko la gesi au la umeme, angalia waya wa jikoni kwako

Wateja wengi wanaobadilisha jiko huniuliza kipi nafuu, gesi au umeme. Mimi ni fundi umeme, nafunga majiko hapa Dar es Salaam, na kabla sijajibu huomba kwanza kuiona soketi ya jikoni.

Soketi ya kawaida ni ya ampia 13. Kwa volti 230, mwisho wake ni kama wati 3,000. Oveni ndogo soketi hiyo inaimudu. Jiko zima la umeme, pleti nne na oveni, likiwashwa lote laweza kuvuta wati 8,000, nalo linataka njia yake lenyewe: waya wa milimita 6 za mraba, pengine 10, utoke moja kwa moja kwenye meni swichi ukiwa na breka yake. Nimefungua soketi ambazo plastiki imegeuka kahawia na skrubu za waya zimelegea kwa joto, kwa sababu jiko la namna hiyo lilichomekwa tu kama feni. Basi fedha ya kuvuta waya mpya ihesabu pamoja na bei ya jiko kabla hujaenda Kariakoo.

Tukija kwenye matumizi, watu wanauogopa umeme kupita kiasi. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu yuniti 13 za umeme, lakini kwenye moto wa wazi kama nusu tu ndiyo inayofika kwenye chakula; nyingine inapotea pembeni mwa sufuria. Jiko la indaksheni, lile la umeme la kioo linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, hupeleka asilimia 85 hivi. Kwa hiyo kazi ya mtungi mzima wa kilo 15 inafanywa na yuniti kama 115. Kwa bei ya T1, ambayo TANESCO huwatoza wateja wa kawaida, ukijumlisha kodi na tozo zake, yuniti inakaribia shilingi 360, yaani kama shilingi 41,000. Linganisha na unacholipa kujaza mtungi mtaani kwako. Ila ukiwa kwenye D1, ile bei nafuu ya wanaotumia umeme kidogo, hadi yuniti 75 kwa mwezi, kuwa makini: kupikia umeme kila siku kutakutoa humo, na yuniti zote utazilipia bei ya juu.

Indaksheni ina sharti lake. Chukua sumaku, igusishe chini ya sufuria zako. Isiponasa, jiko halitaipasha, na sufuria zetu nyingi ni za alumini. Halafu kuna ugali: kusonga juu ya kioo kinachoteleza, sufuria ikizunguka na mwiko, ni kazi ngumu. Kwa ugali na chapati mimi nasimama na gesi bila kusita. Maharage na makongoro yapeleke kwenye presha kuka ya umeme, maana ikishapata joto inajizima na kujiwasha yenyewe na hutumia umeme kidogo mno.

Jambo jingine ni volti. Mitaa ambayo umeme unashuka jioni hadi volti 200, jiko la wati 2,000 linabaki na kama wati 1,500, saa ileile ya kupika chakula cha usiku. Gesi haina habari na hilo, wala na umeme kukatika.

Ndiyo maana familia nyingi nazishauri jiko la mchanganyiko, mafiga matatu ya gesi na pleti moja, pamoja na oveni ya umeme. Mtungi ukae nje, wima. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani inatambaa sakafuni na kukusanyika pale chini, dirisha la juu halikusaidii.

Na ukinunua jiko la mtumba kutoka Ulaya, uliza nozeli zake, yaani vile vipande vyenye tundu la kutolea gesi. Mengi yalitegeshwa kwa gesi asilia ya bombani, tundu zake ni kubwa, na ukiyaunga kwenye mtungi moto unakuwa wa njano, mrefu, sufuria zinajaa masizi. Nozeli zibadilishwe zote, kisha fundi apake povu la sabuni kila kiungio mbele yako kabla hujamlipa.