"3/14": Kusoma Mstari wa Tezi za Kwapani Katika Ripoti ya Saratani ya Titi

Binti mmoja alinisubiri nje ya maabara, ripoti ya mama yake mkononi, akiwa ameizungushia duara la wino mwekundu tarakimu "3/14". Aliniamkia, kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujijibu, kama hiyo ndiyo hatua ya ugonjwa. Sisi wa patholojia, tunaochunguza magonjwa kwa kutazama nyama ya mwili maabarani, hukutana na wagonjwa kwa nadra. Tunachokutana nacho ni nyama iliyolowekwa katika formalini, dawa ya kuizuia isioze, na huenda ndiyo sababu tunaandika ripoti kana kwamba hakuna atakayezisoma ila daktari mwenzetu.

Namba ya chini, 14, si ugonjwa. Ni idadi ya tezi za limfu nilizozipata katika mafuta ya kwapa yaliyoletwa na mpasuaji. Ya juu, 3, ndiyo idadi ya tezi zilizokutwa na seli za saratani.

Sehemu kubwa ya majimaji ya limfu kutoka kwenye titi huelekea kwapani, na kiasi kidogo huenda nyuma ya mfupa wa kidari. Njiani hupita katika tezi zenye umbo la punje ya haragwe, ambazo huyachuja. Seli ya saratani ikiponyoka kutoka kwenye uvimbe, mara nyingi hunasa hapo kwanza. Kuzitafuta tezi hizo ni kazi ya vidole: tunayapapasa mafuta kidogo kidogo, kwa kuwa nyingine hazizidi milimita chache, kisha tunazikata vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Ukubwa hudanganya. Nimewahi kukata tezi kubwa iliyonitia wasiwasi nikakuta imejaa mafuta matupu, na nimewahi kuona saratani ndani ya tezi ambayo mkono wa daktari haukuihisi kabisa. Ndiyo maana kwapa inayotiliwa shaka hupimwa kwa ultrasaundi na sindano nyembamba kabla ya upasuaji.

Tezi 1 hadi 3 zenye saratani huwekwa kundi moja, 4 hadi 9 kundi la pili, na 10 au zaidi kundi la tatu. Kipimo cha kila doa la saratani ndani ya tezi nacho kina uzito wake: linalozidi milimita 2 ni kubwa, lililo kati ya milimita 0.2 na 2 ni dogo, na seli chache zisizofikia hapo hatuihesabu tezi yake kuwa imeathirika.

Jambo linalowatisha watu bila sababu ni kudhani kwamba saratani iliyofika kwapani imekwisha kuenea mwili mzima. Tezi za kwapa ni jirani wa titi, na kuathirika kwake si sawa na saratani kukutwa kwenye ini au mifupa. Mwishoni mwa karne ya 19, mpasuaji William Halsted wa Baltimore, Marekani, aliamini kwamba saratani husafiri kwa mpangilio, kituo baada ya kituo, hivyo akaondoa titi, misuli ya kifua na tezi zote kwa pamoja. Jaribio lililoanzishwa mwaka 1971 na kundi la mpasuaji wa Marekani Bernard Fisher, ambalo matokeo yake ya miaka 25 yalichapishwa mwaka 2002, lilionyesha kwamba miongoni mwa wanawake ambao kwapa zao hazikuwa na tezi za kutiliwa shaka, kuziondoa mapema hakukuongeza maisha. Zaidi ya yote, tezi hutupa habari, na habari hiyo ndiyo humsaidia daktari kupima uzito wa tibakemia na mionzi.

Kama ni habari tunayoitafuta, hatuhitaji tezi zote. Mpasuaji anaweza kuchoma rangi ya buluu au dawa yenye mnururisho kidogo kwenye titi, akaitoa ile tezi ya kwanza inayoipokea, yaani ya mlangoni. Hivyo ripoti yenye "0/2" si uzembe wa mtu, ingawa nimekwisha kulalamikiwa kwamba "mmepima mbili tu". Kadiri tezi nyingi zinavyotolewa ndivyo hatari ya mkono kuvimba kwa kujaa majimaji inavyopanda, na uvimbe huo unaweza kudumu maisha yote.

Hata tezi ya mlangoni ikikutwa na saratani, si kila mara kwapa isafishwe. Katika jaribio moja la Marekani, wanawake wenye tezi 1 au 2 kama hizo, waliotolewa uvimbe bila kukatwa titi zima na kupewa mionzi, walifuatiliwa kwa miaka 10: asilimia 86.3 ya wasioongezewa upasuaji wa kwapa walikuwa hai, na asilimia 83.6 ya walioongezewa. Hata hivyo, wanawake hao hawakuwa na tezi zilizohisika kwa mkono, ilhali wagonjwa wengi tunaowapokea Dar es Salaam hufika tayari tezi zikiwa zinashikika, na matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa kwao moja kwa moja.

Mama wa yule binti alikuwa mmoja wao. Nilimweleza bintiye kwamba tezi tatu zinamweka mama katika kundi la kwanza kati ya yale matatu, na kwamba hatua kamili ya ugonjwa hutokana pia na ukubwa wa uvimbe na vipimo vya sehemu nyingine za mwili. Kisha nikamwonyesha, chini ya duara lake jekundu, mstari wa vipokezi vya homoni, yaani unaoonyesha kama seli za saratani hupokea homoni za mwili, ambao hakuwa ameuwekea alama yoyote.